Gitaa la akustika penye unyevu mwingi: maji yako kwenye mbao, si hewani

Kile kifuko kidogo cha jeli ya silika kinachokutwa ndani ya boksi la viatu ndicho kinga ambayo wengi huitupia kwenye kasha la gitaa, wakafunga, wakaridhika. Hesabu yake haikubali. Jeli iliyokauka kabisa hufyonza takriban robo ya uzito wake katika hewa yenye unyevu wa asilimia 50. Kifuko cha gramu 5 basi hubeba maji ya gramu moja na ushei, kisha kimeshiba. Gitaa la mbao nzima nalo lina mbao za kilo moja na nusu hivi. Likitolewa kwenye hewa ya asilimia 50 na kukaa muda mrefu kwenye hewa ya asilimia 80, maji yaliyomo ndani ya mbao hupanda kutoka takriban asilimia 9 ya uzito wake hadi takriban asilimia 16. Hizo ni gramu 100 za maji, karibu nusu kikombe. Hewa yote iliyofungiwa pamoja nalo ndani ya kasha, lita 70 hivi, haina hata gramu 2.

Ndiyo maana ushauri mwingi kuhusu unyevu na gitaa hushindwa. Unahangaika na hewa, ilhali ghala la maji ni mbao zenyewe, pamoja na kasha na kitambaa chake cha ndani.

Asilimia inasema nini

Namba inayosomwa kwenye kipimo cha unyevu haielezi kuna maji kiasi gani hewani. Inaeleza hewa imebeba sehemu gani ya mvuke ambao ingeweza kubeba kwa joto lililopo. Meta moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 30 inaweza kubeba gramu 30 za mvuke; kwenye nyuzijoto 25 hubeba 23, kwenye 20 hubeba 17.

Chukua chumba chenye nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 75. Usiku joto likishuka hadi 25, bila tone moja kuongezeka, kipimo kitakaribia asilimia 100. Mbao hufuata asilimia hiyo, hazifuati gramu zilizomo hewani. Kwa hiyo gitaa lililotundikwa ukutani dirisha likiwa wazi hunywa zaidi usiku, wakati mwenyewe anaona hewa imepoa na kuwa nzuri. Kwa kanuni hiyohiyo, kupasha hewa joto kidogo hushusha asilimia hata kama hakuna maji yaliyoondolewa, jambo litakalotufaa tukifika kwenye kabati.

Viwanda vingi hutengeneza magitaa katika vyumba vyenye unyevu wa asilimia 45 hadi 50, na ubao hugundishwa ukiwa na kiasi cha maji kinacholingana na hewa hiyo. Kila unapotoka hapo, vipande vilivyoungana vinaanza kuvutana.

Kwa nini uso unatunishwa juu

Mbao hazivimbi sawa pande zote. Kwa urefu wa mishipa yake ubao hauongezeki kwa kiasi cha kujali. Kwa upana huongezeka sana. Uso wa gitaa, ule ubao wa mbele wenye tundu la sauti, mara nyingi ni sprusi au mwerezi wa unene wa milimita 2.5 hadi 3, na mishipa yake imelala kufuata nyuzi. Sprusi iliyopasuliwa vizuri huongezeka upana kwa takriban asilimia 0.15 kila maji yake yanapopanda kwa asilimia moja. Uso wenye upana wa milimita 400 ukipanda kutoka asilimia 9 hadi 14 unataka kuwa mpana zaidi kwa milimita 3.

Lakini hauna pa kwenda. Kingo zake zimegundishwa kwenye mbavu za gitaa, na ndani umeshikwa na mataruma, yale mapao membamba ya kuuimarisha, ambayo mishipa yake imelala upande mwingine na hayaongezeki urefu. Njia iliyobaki ni kwenda juu. Tumbo linatokea nyuma ya daraja, kile kipande kilichogundishwa usoni kushikilia nyuzi, daraja linainuka, nyuzi zinapanda mbali na ubao wa vidole. Nyuzi za chuma za kawaida, zile seti zinazoanzia inchi 0.012, huvuta kwa jumla ya kilo 70 na zaidi, na mvuto huo husaidia uvimbe. Za nailoni huvuta kilo 40 hivi.

Vanishi hupunguza mwendo wa maji, haiuzuii. Isitoshe, iko nje tu. Ndani ya gitaa mbao ziko tupu, na tundu la sauti liko wazi wakati wote. Kupaka mafuta ubao wa vidole au king'arisha cha aina yoyote hakubadilishi hili. Penye unyevu mwingi ubao wa vidole hauhitaji mafuta zaidi ya mara moja kwa mwaka, kama unayahitaji kabisa.

Dalili huja kwa mpangilio unaotabirika. Kwanza sauti hufifia: mbao zilizolowa ni nzito, mlio unakuwa wa chini, mzito, usiodumu. Kisha nyuzi huwa juu na ngumu kubana, na noti za freti za juu (freti ni vile vyuma vilivyokatiza ubao wa vidole) husikika zimezidi kwa sababu uzi unanyooshwa zaidi unapobanwa. Baadaye huja madhara yenyewe. Daraja ni gumu na limenyooka. Uso ulio chini yake umepinda. Gundi ya ukingo wa nyuma inabaki ikivutwa pande mbili, na hapo ndipo daraja huanza kung'oka. Pitisha kipande cha karatasi nyembamba kwenye ukingo huo. Kikiingia zaidi ya milimita moja, legeza nyuzi siku hiyohiyo na umtafute fundi. Mataruma yaliyoachia hujitambulisha kwa mtetemo wa ajabu kwenye noti moja au mbili tu, au kwa mlio wa kupwaya ukigonga uso taratibu kwa kifundo cha kidole.

Jambo baya zaidi huonekana miezi kadhaa baadaye, na wengi hawalihusishi na unyevu. Ubao unaotaka kutanuka huku umebanwa hukandamizwa, na sehemu ya mkandamizo huo haifutiki. Ukikauka, haurudi kwenye upana wake wa awali. Unakuwa mwembamba kuliko ulivyozaliwa. Msimu wa kiangazi ukifika, au gitaa likihamia kwenye chumba cha kiyoyozi, uso unapasuka, na lawama yote huangukia ukavu. Ufa ule ulianza kuandaliwa wakati wa masika.

Pima kabla ya kununua chochote

Haigromita, yaani kipimo cha unyevu, ya dijitali ya bei ndogo inatosha, ila isiaminiwe kabla ya kupimwa. Weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa, dondoshea maji machache hadi iwe kama mchanga uliolowa. Isiyeyuke ikawa majimaji. Fungia kifuniko hicho pamoja na haigromita ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, mahali ambapo joto halibadiliki, kwa saa 12 hadi 24. Hewa ndani ya mfuko hutulia kwenye asilimia 75 kwa kanuni za kemia, hata uwe wapi. Haigromita ikisoma 80, basi yako huzidisha 5. Iandikie kwa kalamu mgongoni. Zile zenye mshale na springi huwa na makosa makubwa zaidi na hubadilika kadiri zinavyozeeka, kwa hiyo hatuoni sababu ya kuzitumia.

Kipimo cha pili hakitajwi sana ingawa ndicho kinachopima kitu chenyewe: mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja na kubeba hadi kilo 5. Pima gitaa peke yake, bila mkanda, likiwa katika hali nzuri baada ya majuma kadhaa kwenye hewa ya asilimia 50 hivi, na uandike uzito. Kwa gitaa lenye mbao za kilo moja na nusu, kila gramu 15 zinazoongezeka ni asilimia moja ya maji ndani ya mbao. Haigromita hukuambia hewa ya saa hii ikoje. Mizani hukuambia mbao zimekunywa kiasi gani tangu mara ya mwisho. Seti ya nyuzi ya aina nyingine hubadilisha uzito kwa gramu kadhaa, kwa hiyo ukibadilisha aina andika uzito mpya.

Cha tatu ni urefu wa nyuzi kutoka kwenye freti. Kwenye freti ya 12, kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi, gitaa la nyuzi za chuma huwa na takriban milimita 2.4 kwenye uzi wa sita na 1.8 kwenye uzi wa kwanza. La nailoni hukaribia 4 na 3. Ukiona uzi wa sita umefika 3 au zaidi, usikimbilie kukaza fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo. Bana uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya 14 kwa pamoja, kisha tazama nafasi kwenye freti ya 7. Ikiwa bado ni milimita 0.15 hadi 0.25, shingo haina kosa. Tumbo ndilo lililopanda. Fimbo ile hurekebisha mpindo wa shingo tu. Kuikaza ili kutibu tumbo ni kuharibu kilicho kizima, na gitaa likikauka nyuzi zitagonga freti kila mahali.

Kasha, na kinachowekwa ndani yake

Kasha gumu hupunguza kasi ya unyevu. Halifanyi zaidi ya hapo, hasa likiwa na nyufa. Liweke tochi ndani ikiwa inawaka, lifunge, zima taa za chumba: mwanga ukionekana kwenye maungio, hewa nayo inapita. Mkanda wa sponji wenye gundi, unene wa milimita 2 au 3, ukibandikwa kuzunguka ukingo wa mfuniko huziba sehemu kubwa. Begi la kitambaa ni la kubebea, wala tusilipe kazi ya kuhifadhi.

Kabla ya yote hayo, kasha lenyewe likaushwe. Kasha lililokaa wazi kwenye chumba chenye unyevu limejaza maji kwenye plaiwudi na kitambaa chake, na gitaa likifungiwa humo linalazwa juu ya sponji iliyolowa. Liache wazi, tupu, kwenye chumba kikavu kwa siku mbili au tatu. Na tangu hapo lifungwe muda wote, hasa wakati gitaa liko nje linapigwa. Watu wengi hukosea hapa.

Sasa turudi kwenye jeli. Kiasi kinachofaa kuanzia ni gramu 100 hadi 150, kwenye mifuko miwili ya kitambaa inayopumua, mmoja karibu na kichwa cha gitaa na mwingine chini ya shingo inapoungana na mwili, isigusane na vanishi. Chagua jeli yenye punje za rangi zinazobadilika, za chungwa kwenda kijani. Zile za bluu mara nyingi hutumia kobalti, ambayo ni sumu. Ikishiba, itandaze kwenye trei ya chuma nje ya mifuko yake na uiweke ndani ya oveni ya nyuzijoto 110 hadi 120 kwa saa mbili, iachwe ipoe ndani ya chombo kilichofungwa, la sivyo itaanza kunywa ikiwa bado mezani.

Hatari yake ni kwamba haijui pa kuishia. Kwenye kasha lililozibwa vizuri jeli iliyokaushwa inaweza kushusha unyevu chini ya asilimia 40, na gitaa lililovimba likavutwa kwenda ukavuni kwa haraka. Kwa hiyo haigromita ikae ndani ya kasha, na mifuko iondolewe pindi hewa ya ndani ikifika asilimia 50.

Vifuko vya njia mbili, vyenye myeyusho wa chumvi ndani ya utando na vilivyopangwa kushikilia asilimia 49 hivi, vimetatua tatizo hilo: hutoa na hupokea. Ila vina kikomo. Vikishapokea maji mengi chumvi yote huyeyuka, myeyusho unapungua nguvu, na namba ndani ya kasha inaanza kupanda. Penye ukavu hufa kwa kuwa vigumu. Penye unyevu hufa kwa kuvimba na kuwa majimaji matupu. Ni vizuri sana kwa kulishikilia gitaa ambalo tayari limekaa sawa kwenye kasha lisilovuja. Kukaushia gitaa lililolowa kwa vifuko hivyo ni gharama isiyo na tija.

Kuna vitu vya kutoweka kabisa. Vile vyombo vya kuning'iniza kabatini vinavyojaa maji chini vina kalsiamu kloridi. Majimaji yake hula chuma, huharibu vanishi na hayakauki yakimwagika. Viwe kabatini, wima, mbali na gitaa. Mchele uliokaa jikoni umeshalingana na hewa ya jikoni, hauna nafasi ya kunywa, na huleta fukusi. Na vile vya sponji vinavyoning'inizwa kwenye tundu la sauti vilibuniwa kuongeza maji kwa wanaoishi penye baridi kavu. Wauzaji wengi huviuza kila mahali bila kubagua.

Chumba

Mwenye gitaa zaidi ya moja atapata nafuu zaidi kwa kukausha chumba kuliko kuhangaika na makasha. Mashine ya kukausha hewa yenye kompresa, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, ikipangwa kwenye asilimia 50 hadi 55, ndiyo suluhisho lenye nguvu. Lita kwa siku zinazoandikwa kwenye lebo mara nyingi hupimwa kwenye nyuzijoto 30 na unyevu wa asilimia 80. Kwenye asilimia 50 mashine hiyohiyo hutoa maji pungufu, kwa hiyo nunua yenye akiba. Itapandisha joto la chumba kwa nyuzijoto chache. Vikaushio vidogo vya mezani visivyo na kompresa hukusanya mililita mia chache kwa siku, kiasi ambacho chumba cha kawaida hukirudisha kupitia upenyo wa chini ya mlango.

Kiyoyozi hukausha pia, lakini kinapopoza. Kikubwa kupita chumba hufikisha joto upesi, kompresa ikasimama kabla ya kutoa maji ya kutosha. Na feni ikiachwa izunguke muda wote, hupuliza juu ya mabomba yaliyolowa na kurudisha mvuke chumbani. Tumia hali ya kukausha, feni iwe ya kujizima. Kiyoyozi kinachowashwa kwa muda wa saa nne kila jioni na madirisha wazi saa 20 zilizobaki ni mchezo wa kulipandisha na kulishusha gitaa kila siku. Hapo ni heri likae kwenye kasha lililofungwa.

Kabati la mbao au chuma lenye kipasha joto kidogo cha wati 10 hadi 15 chini kabisa, na matundu madogo juu na chini ili mvuke utoke, ni njia ya gharama ndogo. Hewa ya nyuzijoto 27 na asilimia 80 ikipashwa hadi 32 hushuka kwenye asilimia 61 hivi. Inatosha kuzuia ukungu, ambao huanza kuota unyevu ukidumu juu ya asilimia 70. Haitoshi kufika 50, na kupandisha joto zaidi ili kuifikia si busara.

Feni peke yake haipunguzi unyevu hata chembe. Faida yake ni kwamba hewa inayotembea huchelewesha ukungu kwenye kona.

Tukiulizwa namba ya kulenga mahali ambapo nje ni asilimia 80 mwaka mzima, jibu letu si 45. Gitaa linalokaa kwenye 55 hadi 60 bila kuyumba, likarekebishwa urefu wa nyuzi kwa hali hiyo, lina usalama zaidi kuliko linalolazimishwa 45 usiku na kuamkia 80.

Likishavimba

Legeza nyuzi zote kwa toni moja nzima, ili mvuto kwenye daraja upungue bila kuiacha shingo tupu. Kausha taratibu: kasha, gramu 100 za jeli inayokaushwa upya kila ikishiba, hewa ndani ishuke hatua kwa hatua hadi asilimia 50, mizani kila baada ya siku tatu. Wiki mbili hadi tatu ni mwendo wa kawaida. Jua, kikausha nywele na kiyoyozi cha kupuliza moja kwa moja hukausha ngozi ya ubao kabla ya kiini chake, na hapo ufa hutokea ndani ya siku moja. Uzito ukirudi karibu na ule wa mwanzo, ndipo upime tena urefu wa nyuzi na kuamua kama kuna la kurekebisha.

Usichonge mfupa wa daraja, kile kipande chembamba ambacho nyuzi hupita juu yake, gitaa likiwa limevimba. Ili uzi ushuke milimita 0.5 kwenye freti ya 12 lazima mfupa upungue milimita 1, na hicho ulichokata hakirudi. Wanaoishi penye misimu miwili iliyo mbali sana huwa na mifupa miwili: mrefu wa kiangazi na mfupi wa masika, hubadilishwa wakati wa kuweka nyuzi mpya.

Ukungu ukionekana juu ya vanishi, futa kwa kitambaa kilicholowa kidogo sana kisha kikavu. Pombe ya kusafishia huyeyusha vanishi ya sheleki na hudhuru ile ya nitro, kwa hiyo iachwe. Ndani, tumia kivuta vumbi chenye brashi laini. Nyuzi zenye utando wa plastiki huchelewa kupata kutu. Zisizo nao zifutwe kila baada ya kupiga, upande wa chini pia. Gitaa lenye pikapu (kifaa cha kunasa sauti) ya betri likikaa bila kupigwa kwa mwezi, toa betri.

Safari ina kanuni yake. Hewa ya nyuzijoto 30 na asilimia 75 huacha umande kwenye kitu chochote chenye joto chini ya 25, na gitaa lililotoka kwenye chumba cha nyuzijoto 22 ni kitu hicho. Likifika, kasha lisifunguliwe kwa saa nzima. Gari lililofungwa juani huvuka nyuzijoto 60, kiwango ambacho gundi nyingi za gitaa huanza kulainika huku nyuzi zikiendelea kuvuta. Gitaa lililotoka masika likiwa limevimba ndilo la kwanza kuachia daraja humo.